Kopo na mufuko: namna ya kuchunga makuta ya nyumba

Haya ni maneno ambayo mufanyakazi wa ONG anayefuata kazi ya shirika letu alisema mbele ya wamemba, hapa Kamatanda, kwenye mukutano wa mwezi wa tano. Komite iliomba yaandikwe ili wale ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wanaotusoma kutoka mbali, wayapate kamili.

Mulinialika niseme juu ya namna ya kupunguza makuta ambayo inatoka kila siku kwa vitu vya nyumba: bunga, mafuta, sabuni, munyo, makala. Nimekubali kwa furaha. Lakini najua pia kwamba kuko swali kubwa nyuma ya mualiko huu. Kuko wenye kusema tufungue sanduku la shida, tutoe makuta yote, tununue mahindi sasa wakati bei iko chini. Wengine wanakataa. Mutapiga kura kwenye mukutano unaokuja. Mimi sina kura, lakini mawazo nitawapa, na sitaficha upande niko.

Tuanze na hesabu.

Kwa nini mwenye makuta kidogo analipa bei ya juu

Nachukua bei ya mufano tu, kila mutu ataweka bei ya leo mahali pake. Tuseme mufuko wa bunga wa kilo 25 unauzwa 30.000 FC kwa depo. Kila kilo imekuwa 1.200. Kisha muuzaji wa barabarani anaufungua, anauza kwa kopo, na ukipima vizuri unakuta kilo imefika 1.500. Jamaa ya watu saba inaweza kula kilo 50 kwa mwezi. Mwenye kununua mifuko miwili analipa 60.000. Mwenye kununua kwa kopo, kila mangaribi, analipa 75.000. Ni bunga ileile, na bukari ileile.

Tofauti ni 15.000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180.000. Gawanya kwa bei ya mufuko: mifuko sita. Mifuko sita ni miezi mitatu ya bukari. Mutu anayenunua kwa kopo analipa bukari ya miezi kumi na tano, halafu anakula ya miezi kumi na mbili.

Fanya hesabu hiyo kwa mafuta ya sashe na mafuta ya bidoni. Fanya kwa kipande cha sabuni na bare nzima. Fanya kwa makala ya mufuko mudogo wa plastiki na mufuko mukubwa. Utakuta paka jibu lile.

Sisemi muuzaji wa kopo ni mwizi. Analipa taksi ya soko, analipa mwenye kumubebea mizigo, bunga nyingine inamwangika, na anakaa juani toka asubui. Tena hapa ndani kuko wamama ambao wanaishi kwa kuuza kwa kopo, na nitarudia kwao. Ninachosema ni hiki: kopo haliko tu kipimo cha bunga, ni bei ya kukosa makuta ya mara moja. Mutu hanunui kwa kopo juu ni mujinga. Ananunua kwa kopo juu leo amepata 3.000, na watoto wanakula leo. Yule anayechimba hapa Kamatanda hajui kama juma hili atalipwa ao hapana. Ukimwambia "nunua mufuko", atakujibu "na makuta?" Ana haki. Kwa hiyo dawa haiko kumuhubiria. Dawa ni kutafuta namna watu thelasini wenye 3.000 watakuwa na nguvu ya mutu mumoja mwenye 90.000.

Posho, kuponi, na siku inaisha

Wazee wetu wa Likasi wanajua neno posho. Wakati muji ungali unaitwa Jadotville, Union Minière ilikuwa inagawia wafanyakazi chakula, pamoja na mushahara. Kisha 1967 ikaingia Gécamines, na mufuko wa bunga ukaendelea kufika nyumbani. Mama hakuuliza bei ya soko. Halafu kampuni ikaanguka. Mushahara ukachelewa miezi na miezi, na katika 2003 wafanyakazi 10.655 wakatoka kwa mara moja katika ile operesheni ya kutoka kwa hiari. Nyumba nyingi za muji huu zilijifunza siku ile namna ya kununua kwa kopo.

Nyinyi muliorudi munajua upande mwingine wa habari ile. Wale waliokuwa Kala na Mwange, kule Zambia, mbele makambi ile haijafungwa katika 2010, walipanga mustari na karta mukononi: bunga, maharagi, mafuta, munyo. Wale wa Mantapala walianza kurudi Pweto kwa musaada wa HCR katika mwezi wa kumi na mbili 2021. Karta ilisaidia sana, na hakuna mwenye kuicheka. Lakini karta iko na siku yake ya mwisho, na siku ile haiandikwe na wewe.

Kuko pia kuponi za soko. Tangu karibu 2008, UNICEF na mashirika yanayofanya nayo kazi walianza katika mashariki ya Kongo namna mupya ya kusaidia waliokimbia na waliorudi. Pahali pa kuwagawia kila mutu sufuria ileile na blanketi ileile, waliwapa kuponi zenye bei, wakaita wauzaji wa pale pale, na kila mama akachagua mwenyewe. Wauzaji walipatana bei za juu kabisa mbele soko halijafunguliwa, na bei hizo zilibandikwa watu wazione. Tunaweza kujifunza mambo mawili pale. La kwanza: mama mwenye kuponi alizunguka, aliuliza bei kwa huyu na kwa yule, hakununua kwa wa kwanza. La pili: muuzaji alipunguza bei juu aliona wanunuzi mingi pamoja. Nguvu haikuwa katika karatasi. Nguvu ilikuwa katika wingi wa wanunuzi na bei inayojulikana. Vitu hivyo viwili tunaweza kuvifanya bila kuponi ya mutu yeyote.

Risturuni haikuanza leo

Munajua risturuni: unanunua, halafu sehemu ya faida inakurudilia. Watu wengine wanafikiri ni kitu cha magazini kubwa za Ulaya. Lakini sikieni namna ilienea. Katika muji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walikuwa wanalipwa kidogo na wanauziwa vitu vibaya kwa bei kali. Wakachanga pole pole mupaka wakafika pauni 28, na tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1844 wakafungua duka lao. Siku ya kwanza walikuwa na vitu vichache tu: bunga, siagi, sukari, shairi, mishumaa.

Hawakuuza kwa bei ya chini kupita soko. Waliuza kwa bei ya soko, lakini kwa mizani ya kweli, na bila deni. Kisha faida ilipohesabiwa, waligawanya kufuatana na namna kila memba alinunua. Aliyenunua mingi akarudishiwa mingi. Makuta ile ambayo kila siku ilikuwa inamwangika, ikarudi mara moja, ikiwa kitu cha kuonekana. Ile sheria ya kukataa deni ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo ilichunga duka.

Hatua tatu kwa sisi wa Kamatanda

Hatua ya kwanza haiombi depo, haiombi mufadhili. Ni likelemba, ambayo wote tunaijua, lakini likelemba ya mifuko, si ya makuta. Chukueni watu thelasini. Kila juma, kila mumoja anatoa 2.000 FC. Ni 60.000, ni mifuko miwili. Siku ileile komite inaenda depo, inanunua, na watu wawili wanabeba mifuko nyumbani kwao. Kisha juma kumi na tano, wote thelasini wamepata. Hakuna makuta inayolala kwa mutu, hakuna mufuko unaolala kwa depo ya shirika. Mwizi ataiba nini?

Mutaniuliza: na kama bei inapanda katikati, wa mwisho atalia? Ndiyo, kama munahesabu kwa franga. Kwa hiyo muhesabu kwa mufuko. Mufuko ukifika 33.000, muchango wa juma unakuwa 2.200. Ukishuka, muchango unashuka. Ahadi ni mufuko, haiko namba. Munakumbuka 2023: mwanzo wa mwaka dola ilikuwa karibu 2.000 FC, mwisho wa mwaka ilikuwa imepita 2.500. Likelemba ya franga ilimuumiza aliyengoja.

Hatua ya pili ni risturuni. Mwenye depo akiona kwamba kila juma munarudi kwake, muombe apunguze. Msiende mutu mumoja mumoja, mutume wajumbe watatu, tena mupitie depo tatu mbele ya kupatana. Tuseme anaachilia 500 kwa kila mufuko. Musiigawe palepale, ile 500 itaishia kwa mandazi. Iandikwe katika kitabu, ikae. Kama watu thelasini wananunua mifuko miwili kwa mwezi, kwa mwaka ni mifuko 720, na risturuni ni 360.000. Mwezi wa kenda, wakati shule inafunguliwa, kila mumoja anapata kufuatana na mifuko yake. Mwenye mifuko 24 anapata 12.000. Haitoshi kulipa masomo, lakini inatosha madaftari na kalamu, na haukuiomba kwa mutu.

Na wale wamama wa kopo? Nilisema nitarudia kwao. Tukinunua mifuko bila kuwafikiri, tutakuwa tumeokoa nyumba thelasini na kuangusha nyumba tano. Mawazo yangu ni haya: waingie katika kununua pamoja, wapate mifuko yao kwa bei ileile ya chini, na risturuni ileile. Kamatanda haina paka wamemba wetu. Wanunuzi wa kopo watakuwako siku zote, na mama akinunua vizuri anaweza kuuza vizuri.

Hatua ya tatu ndiyo ile inayowagombanisha: kuweka akiba ya mahindi wakati wa mavuno.

Akiba: faida yake na hatari yake

Wote tunajua mwendo wa mwaka. Mahindi inaingia kutoka mwezi wa ine mupaka wa sita, bei inashuka. Kutoka mwezi wa kumi na mbili mupaka wa tatu, mashamba iko kijani lakini stoki imeisha, bei inapanda. Tena Haut-Katanga inakula mahindi mingi ya Zambia. Tarehe 29 mwezi wa pili 2024, Zambia ilitangaza kwamba ukame ule ni musiba wa taifa, na katika mwezi wa munane mwaka ule mupaka wa Kasumbalesa ulifungwa siku chache juu ya ugomvi wa biashara. Mwenye mufuko nyumbani alilala. Mwenye kutegemea kopo ya kesho hakulala.

Kwa hiyo akiba ni nzuri. Lakini akiba iko na sheria zake, na sheria hazina huruma.

Wekeni mahindi ya mbegu nzima, msiweke bunga. Bunga ambayo imesagwa na moyo wa mahindi haikai, mafuta yake inageuka na inakuwa buchungu. Mbegu nzima inakaa miezi, na munapeleka kwa mashini kadiri munavyohitaji.

Mahindi iwe kavu kabisa. Kuko jaribio ambalo halilipwi: chukua chupa kavu, weka ndani munyo mukavu na mahindi kidogo, funga, tikisa, acha dakika chache. Munyo ukinata kwa chupa, mahindi ingali na maji, irudishe juani. Mahindi yenye maji inafanya ukungu, na ukungu ule unaweza kuleta sumu inayoharibu maini. Kupika hakuondoe sumu ile. Mbegu yenye ukungu haiuzwe kwa bei ya chini, haipewe mutoto, haipewe kuku. Inatupwa.

Mifuko isikae chini kwa simenti wala isiegemee ukuta. Weka miti ao mbao chini, acha njia ya mutu kupita pembeni, funga mashimo ya panya. Mwenye mahindi kidogo atumie bidoni ya plastiki, safi na kavu, ajaze mupaka juu na afunge sana, juu wadudu wakikosa hewa wanakufa. Na tafazali: dawa ya wadudu ambayo mutu anawauzia sokoni bila jina, musichanganye na chakula.

Vitu vingine vya kuweka ni rahisi zaidi. Munyo, sabuni na mishumaa vinakaa bila taabu. Makala inakaa kama mvua haiigusi, na bei yake inapanda wakati wa mvua, kwa hiyo nunueni katika wakati wa baridi. Mafuta inakaa katika giza, bidoni ikifungwa. Lakini angalieni: kitu kikiwa mingi nyumbani, mukono unakuwa mwepesi. Mafuta ya bidoni inamwagwa na watu ambao walihesabu matone ya sashe. Tia kila juma kipimo chake katika chupa, na bidoni ifungwe. Bila hiyo, faida yote inabaki katika sufuria. Na zile promosyo za "nunua tatu, moja ya bure" ao za kufunua vifuniko vya chupa, jiulize swali moja: ningenunua hata bila zawadi? Kama jibu ni hapana, umetumia, haukuchunga.

Sanduku la shida

Sasa nafika kwa kura yenu. Sanduku la shida ni makuta ya wagonjwa na ya kilio. Mawazo ya kuligeuza mahindi haitoki kwa watu wabaya. Inatoka kwa watu wanaoona bei ya leo na wanajua bei ya mwezi wa kwanza. Hesabu yao ni ya kweli. Lakini mimi nawaomba mukatae, na nasema sababu.

Mutu akishikwa na uchungu wa kuzaa saa saba za usiku, dereva wa moto hatapokea mahindi. Hospitali haitapokea mahindi. Mutatafuta makuta usiku ule, na munajua kwa nani: kwa Banque Lambert, mwenye kukopesha leo na kudai juu yake nusu nyingine mwisho wa mwezi. Ao mutauza mifuko mbiombio kwa bei ya kutupa. Ile faida ya mahindi ambayo mulingoja miezi saba, itaisha kwa usiku mumoja. Na kuko jambo linalopita hesabu. Watu waliotoa makuta katika sanduku waliahidiwa kwamba hawatabaki peke yao siku ya shida. Mutu aliyepoteza nyumba na mashamba mara moja ao mara mbili haamini ahadi kwa urahisi. Hiyo ndiyo mali ya kwanza ya shirika hili, mbele ya mahindi.

Basi iwe sanduku mbili, vitabu viwili, funguo kwa watu tofauti. Sanduku la shida libaki pahali pake. Sanduku la akiba lianze mwezi huu kwa muchango wake, hata kama ni mufuko mumoja kwa kila jamaa tano. Mwaka huu mutaweka kidogo, mutajifunza kukausha na kuchunga. Mavuno inayokuja mutaweka zaidi. Kila mwezi kitabu kisomwe mbele ya wote, kwa sauti, hata kwa wasiojua kusoma: tulinunua ngapi, kwa bei gani, kwa depo gani, imebaki ngapi. Na hakuna deni kutoka sanduku la akiba, hata kwa prezida, hata kwa mimi.

Neno kwa wafadhili

Kwa wale wanaotusaidia kutoka mbali, naongeza mafupi. Musitutumie mifuko ya bunga kama hakuna musiba. Bunga ya bure inaangusha bei ya mulimaji wa hapa na ya mama wa kopo, na ikiisha tunarudi pale tulikuwa. Kama munataka kusaidia, tusaidieni na vitu ambavyo muchango wa 2.000 haufikie: mizani ya kweli, mbao za kuinua mifuko, mabati ya depo ndogo, mafunzo ya kitabu kwa wamama wawili ao watatu. Mahindi tutanunua wenyewe.

Nimemaliza. Likelemba ya mifuko inaweza kuanza siku ya posho inayokuja, wenye kutaka waandike majina kwa sekretere mbele ya kutoka. Maswali iko mingi, nayasikia tayari huko nyuma, na saa tuko nayo.